Lisemwalo na Lijulikanalo

Wahenga walisema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja." Methali hii hupendwa sana na wasengenyaji kwa sababu huwafaa wakati wote. Mtu akiulizwa amelijuaje jambo analolieneza, hujibu kwa methali hii, na mwulizaji hunyamaza kana kwamba amejibiwa. Jambo likithibitika, msengenyaji husema, "Sikuwaambia?" Lisipothibitika, husema kwamba lingali njiani. Kwa hiyo hawezi kushindwa kamwe. Lakini hoja isiyoweza kushindwa yatupasa kuitazama kwa hadhari. Mizani ionyeshayo uzito ule ule kwa kila kiwekwacho juu yake si mizani, bali ni kipande cha chuma tu.

Swali la insha hii ni hili: Je, ni haki watu kumhukumu mtu kwa vinywa vyao kabla hajahukumiwa na sheria? Na kama waliyoyanena yakatokea kuwa kweli, je, kule kutokea kwawatoa lawamani?

Ni rahisi kulijibu swali hili kwa kisa ambacho uvumi wake wote ulikuwa uongo. Kila mtu huchukia masingizio, hata msingiziaji mwenyewe akisingiziwa. Kisa kigumu ni kile ambacho uvumi wake ulikuwa na kweli ndani yake, tena si chembe moja. Kisa cha namna hiyo kilitokea Marekani katika miaka ya karibuni, kikasikika duniani kote, nacho chatufaa kwa mfano.

Katika jimbo la South Carolina, kusini ya Marekani, pana wilaya tano upande wa pwani, nchi ya vinamasi, misitu na mito. Tangu mwaka 1920 hata mwaka 2006, yaani kwa miaka 86, cheo cha mwendesha mashtaka mkuu wa wilaya hizo kilishikwa na watu watatu wa ukoo mmoja, ukoo wa Murdaugh. Baba alimwachia mwana, na mwana akamwachia mjukuu. Cheo hicho hupatikana kwa kura, na mwenye nacho ana uwezo mkubwa wa kuamua nani ashtakiwe na nani aachwe. Zaidi ya hayo, jamaa hao walikuwa na ofisi ya mawakili iliyosifika kwa kushinda kesi na kupata fidia kubwa. Mahali kama hapo mtu mnyonge akionewa na mwenye jina, aghalabu humeza uchungu wake. "Mwenye nguvu mpishe," hujiambia, akaenda zake.

Mwezi wa Februari 2019, boti ya jamaa hiyo iligonga daraja usiku, na msichana wa miaka 19 akafa. Kijana mdogo wa nyumba hiyo alishtakiwa kwamba ndiye aliyekuwa akiiendesha, naye amelewa. Kabla kesi yake haijasikilizwa, usiku wa tarehe 7 Juni 2021, kijana huyo na mama yake walikutwa wameuawa kwa bunduki karibu na vibanda vya mbwa katika shamba lao. Aliyewapigia polisi simu ni baba wa nyumba, wakili Alex Murdaugh, kitukuu wa yule aliyeshika cheo mwaka 1920. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule wenzake wa ofisini walimtoa kazini, wakisema ameiba fedha. Siku iliyofuata alipigwa risasi njiani, akadai kwamba amepigwa na mtu asiyemjua. Siku chache baadaye akakiri kwamba yeye mwenyewe alimwomba mtu ampige, ili afe na mwanawe aliyesalia alipwe bima ya dola kama milioni 10.

Hebu fikiri, msomaji, jinsi ndimi zilivyofanya kazi katika miezi ile. Habari ilikuwa na kila kitu kiwavutiacho wasikilizaji: utajiri, damu, ulevi, wizi, na jina kubwa lililoanguka. Watu walinena madukani na makanisani; kisha wageni walionena hawakuwahi kuikanyaga nchi ile. Vipindi vya sauti vilitolewa kila juma, na filamu zikatengenezwa. Filamu moja ilitolewa mwezi wa Februari 2023 ilhali kesi ingali ikisikilizwa. Mtu aliyekaa maelfu ya maili kutoka South Carolina aliweza kutaja mwuaji, sababu ya mauaji, na waliosaidia kuficha, kwa uhakika ambao polisi wenyewe hawakuwa nao.

Yatupasa kwanza kuwatendea watu hao haki, maana si maneno yao yote yalikuwa mabaya. Mtumishi wa nyumba ile, mama aliyefanya kazi humo kwa miaka mingi, alianguka nyumbani kwa bwana wake mwezi wa Februari 2018, naye akafa. Wakili Murdaugh aliwaambia wana wa marehemu kwamba atawasaidia wapate fidia kutoka bima. Bima ikalipa zaidi ya dola milioni 4, na wana hao hawakupata hata senti. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilichukuliwa na yule aliyekula chakula cha mkono wa mama yao. Habari za malipo zilipoandikwa katika magazeti, wale vijana walishangaa, wakatafuta wakili mwingine, na nyaraka zikafunguliwa. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba si wao peke yao walioibiwa. Wateja wengi walikuwa wameibiwa kwa miaka mingi, na miongoni mwao walikuwamo wagonjwa, vilema na yatima. Wakili huyo mwenyewe alikiri wizi huo mahakamani. Mwezi wa Novemba 2023 mahakama ya jimbo ilimhukumu kifungo cha miaka 27, na mwezi wa Aprili 2024 mahakama ya taifa ikamhukumu miaka 40.

Kama watu wote wangalinyamaza kwa jina la adabu, wezi wa namna hii wangalistarehe. Kunyamaza mbele ya mwenye nguvu si busara kila mara; pengine ni woga uliovaa kanzu ya busara. Nchi ambayo raia wake hawaulizi hugeuka shamba la wachache. Kwa hiyo simwambii msomaji kwamba mambo ya wakubwa hayatuhusu. Yatuhusu, hasa wakubwa hao washikapo cheo cha umma.

Lakini tazama jambo moja lenye mafunzo. Uvumi juu ya mtumishi yule ulikuwa wa namna mbili. Namna moja ilisema, "Mama yule aliuawa." Namna ya pili iliuliza, "Fedha za wana wake ziko wapi?" Neno la kwanza ndilo lililopendwa na wengi, kwa kuwa lina damu. Walakini mshtaka wa kuua katika habari hiyo haukuletwa. Neno la pili halikuwa na utamu wowote. Lilikuwa na hesabu, tarehe na sahihi za watu. Ndilo lililofunua ukweli. Kati ya maneno hayo mawili pana tofauti kubwa, nayo ndiyo kiini cha insha hii. La kwanza lilikuwa hukumu. La pili lilikuwa swali.

Swali huelekezwa kwa mtu mwenye wajibu wa kujibu: polisi, hakimu, kampuni ya bima, mwajiri. Hukumu ya barazani huelekezwa kwa watu wasio na wajibu wowote, na humwangukia mtu asiyekuwapo. Swali hufungua masanduku ya nyaraka. Hukumu hufunga masikio. Mwenye kuuliza yu tayari kuambiwa kwamba amekosea, bali mwenye kuhukumu huona aibu kurudi nyuma, kwa sababu amekwisha kula kiapo mbele ya wenzake. Ndiyo maana maneno mengi ya wahukumu wa barazani huzidi ukali kila yapatapo pingamizi.

Sasa tuyatazame madhara. La kwanza ni kwamba uvumi hauna macho ya kuchagua. Usiku ule wa mauaji, baba wa nyumba aliwaambia polisi kwamba kisa hicho hakika kinatokana na ajali ya boti, maana mwanawe alikuwa akitishwa. Watu wengi waliyapokea maneno hayo wakaona yana mantiki. Lakini maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba macho ya watu yaligeukia upande wa vijana walioumia katika boti ile na wazee waliofiwa. Mzazi aliyemzika binti yake alikuwa karibu kutiwa katika orodha ya wauaji, na hali hapakuwa na hata mmoja wa watu hao aliyeshtakiwa baadaye. Laiti uvumi ule wa kwanza ungalishinda, tungaliona waliodhulumiwa wakidhulumiwa mara ya pili.

La pili ni kwamba uvumi hupenda kuhukumu ukoo badala ya mtu. Wasemaji hukumbuka haraka kwamba samaki mmoja akioza, wote huoza. Mwaka 2015 kijana mmoja alikutwa amekufa barabarani katika wilaya ya Hampton, makao ya ukoo ule. Watu walianza kunong'ona jina la mtoto mkubwa wa Murdaugh, na mnong'ono huo ukaingia hata katika mafaili ya wachunguzi. Aliyehojiwa husema amesikia. Akiulizwa kwa nani, husema kwa mwingine aliyesikia. Polisi wa jimbo walifungua uchunguzi upya mwaka 2021. Mwaka 2023 mtoto huyo alikana hadharani kwamba hakuhusika, na mwaka 2024 aliwashtaki watu waliotoa filamu na maandishi juu yake kwa kumvunjia heshima. Wachunguzi hawakumshtaki kwa kifo hicho. Ebu mtazame: amempoteza mama, amempoteza ndugu, baba yake yumo gerezani, naye bado awaambiwa wageni kwamba ni mwuaji. Kama hana hatia, ni nani atakayemrudishia jina lake? Maji yakimwagika hayazoleki. Na mama wa yule marehemu wa barabarani, yeye naye amepata nini? Alitaka ushahidi juu ya kifo cha mwanawe, akapewa mnong'ono wa miaka mingi.

La tatu ni kwamba kubahatisha huharibu akili ya mwenye kubahatisha. Hapa ndipo penye swali gumu la mwanzo wetu. Mwezi wa Julai 2022 Alex Murdaugh alishtakiwa kwa kumwua mkewe na mwanawe, na tarehe 2 Machi 2023, baada ya kesi ya majuma sita katika mji wa Walterboro, raia 12 wa juri walimwona ana hatia. Kesho yake alihukumiwa vifungo viwili vya maisha. Wale waliokuwa wamesema tangu siku ya kwanza, "Ni baba," walishangilia. Je, hawakusema kweli?

Tutofautishe kusema lililotokea kuwa kweli na kujua. Mtu afumbaye macho akatupa jiwe mwembeni, embe likaanguka, hawezi kuitwa mlenga shabaha. Kesho atatupa tena kwa macho yale yale yaliyofumbwa, na jiwe litampata mtoto aliye chini ya mti. Watu wale wale waliosema "ni baba" ndio waliosema pia mengine mengi yasiyothibitika. Njia waliyoitumia kwa yote ilikuwa moja, nayo ni chuki, mshangao na kurudia walilolisikia. Tukisifu njia hiyo kwa sababu mara moja imefika, tutakuwa tumeihalalisha kwa mara zote itakapopotea.

Raia wa juri hawakumwona ana hatia kwa sababu jina lake lilichukiza. Waliletewa ushahidi. Alikuwa amewaambia wachunguzi mara nyingi kwamba jioni ile hakufika kwenye vibanda vya mbwa. Lakini ndani ya simu ya mwanawe marehemu ilikutwa picha ya video iliyopigwa saa 2 na dakika 44 usiku, dakika chache kabla ya wakati ambao wachunguzi walisema mauaji yalitendeka. Kijana alikuwa akimpiga picha mbwa. Nyuma ya sauti yake na ya mama yake ilisikika sauti ya tatu, na watu wengi waliomfahamu baba waliapa kwamba ni yake. Yeye mwenyewe alipanda kizimbani akakiri kwamba alidanganya juu ya mahali alipokuwa, ingawa aliendelea kukana kuua. Katika wote walioropoka mwaka 2021, hakuna aliyekuwa na habari ya video ile. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yahitaji mtu wa kuipima kwa hatua zake, si kwa kelele.

Katika kesi ile palitendeka jambo dogo ambalo napenda vijana walikumbuke. Ukutani mwa chumba cha mahakama palikuwa na picha kubwa ya babu yake mshtakiwa, aliyekuwa mwendesha mashtaka kwa miaka mingi. Hakimu Clifton Newman aliamuru iondolewe wakati wa kesi. Twaweza kudhani kwamba aliiondoa ili heshima ya babu isimfae mjukuu. Lakini amri ile ilikata pande zote mbili. Kama picha ya babu haipaswi kumwokoa mtu, basi haipaswi kumwangamiza pia. Palibaki mtu mmoja na matendo yake. Hiyo ndiyo haki. Na kila mmoja wetu ana ukuta moyoni mwake uliotundikwa picha za namna hiyo: picha ya kabila la fulani, ya utajiri wa fulani, ya baba wa fulani. Kabla ya kunena juu ya mtu, yatupasa kuziondoa.

Huenda msomaji akapinga, akasema, "Mahakama nayo hukosea, na watumishi wake si malaika." Ni kweli. Karani wa mahakama ile ile aliandika kitabu juu ya kesi na kukitangaza. Baadaye wateteaji wa mshtakiwa walidai kwamba karani huyo alisema na raia wa juri maneno ya kuwapotosha, naye akakana. Mwezi wa Januari 2024 jaji alikataa ombi la kuirudia kesi, na mwezi wa Agosti mwaka huo mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikakubali kuisikiliza rufani. Mwezi wa Desemba 2025 karani alikiri makosa mengine: kumwonyesha mwandishi wa habari picha zilizofichwa kwa amri ya mahakama, kusema uongo juu ya jambo hilo, na kuitumia ofisi yake kukitangaza kitabu. Tamaa ya kusimulia habari tamu iliingia hata ndani ya nyumba ya sheria. Je, hili laonyesha kwamba mahakama na baraza la njiani ni sawa?

La, laonyesha kinyume chake. Mahakama ilipotiwa doa, palikuwa na mlango wa kubisha. Mkosaji alikuwa na jina, aliapa, akahojiwa, akaadhibiwa. Aliyehukumiwa alikuwa na mahali pa kupeleka malalamiko yake, hata kama watu wengi walimchukia. Lakini ni wapi pakatwapo rufani dhidi ya mnong'ono? Ni karani gani wa uvumi aliyekwisha kupelekwa mbele ya hakimu wake? Baraza la njiani huhukumu bila kiapo, hutekeleza bila kusubiri, kisha hutawanyika, na kila mmoja husema, "Mimi nilisikia tu." Sisi wa Kenya twajua neno moja, "Mwizi!", likipigwa sokoni linaweza kumtoa mtu roho kabla hajaulizwa jina lake. Ndiyo sababu Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, humhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Sheria hiyo haikutungwa kwa kuwaonea huruma waovu. Ilitungwa kwa sababu kabla ya kesi hapana ajuaye kwa hakika mwovu ni yupi.

Kwa hiyo nalijibu swali letu hivi. Ni haki kuuliza, tena ni wajibu, na kadiri mtu alivyo mkubwa ndivyo maswali yanavyopasa kuwa mengi. Si haki kuhukumu kwa tetesi, hata tetesi zikitokea kuwa kweli, kwa sababu mwenye kuhukumu hivyo ameiweka heshima ya mwenziwe katika mchezo wa bahati. Akishinda, ameshinda kwa bahati. Akishindwa, mlipaji ni mtu mwingine.

Vijana, habari za namna hii zitawafikia maisha yenu yote, na zitakuja kwa mwendo wa upepo. Jina kubwa litaanguka, na mtaombwa mseme ni nani aliyetenda. Hapo mwulizeni msimulizi, "Umejuaje?" Kama ana jibu, mpelekeni nalo mahali linapoweza kupimwa. Kama hana, mwacheni amalize, wala msilichukue neno lake kwenda nalo kwa mwingine. Uvumi hufa kwa mtu wa kwanza akataaye kuupokeza.